Mtakatifu Alberto Mkuu na dhahabu ya bandia



Kuna swali naletewa sana na wenzetu wanaosoma mchepuo wa sayansi: hivi ukizama kabisa kwenye kemia na fizikia, imani inabaki kweli? Wengine wameshaambiwa mtaani kwamba lazima uchague kimoja, ama maabara ama rozari. Mimi siku hizi sibishani. Namsimulia mtu habari za Alberto, halafu namwachia apime mwenyewe.

Alberto alizaliwa karibu na mwaka 1200 huko Lauingen, mji mdogo kando ya mto Danube, kusini mwa Ujerumani. Akapelekwa kusoma Padua, Italia, na huko akavutwa na mahubiri ya Jordani wa Saxony, akaingia Shirika la Wahubiri, yaani Wadominikani. Shirika lenyewe lilikuwa bado changa. Baadaye akafundisha teolojia Paris, na mwaka 1248 akatumwa Cologne kuanzisha chuo cha shirika. Mmoja wa wanafunzi wake alikuwa kijana mnene, mkimya, ambaye wenzake walimtania kuwa ni ng'ombe bubu. Huyo ndiye Tomaso wa Akwino.

Sasa, wakati ule vitabu vya Aristoteli kuhusu maumbile vilikuwa vinaingia Ulaya, vingi vikiwa vimepitia mikononi mwa wanazuoni wa Kiarabu. Watu waliogopa. Paris kwenyewe mafundisho hayo yalipigwa marufuku mwaka 1210 na tena 1215. Alberto hakukimbia. Watawa wenzake walimwomba awaeleweshe, akakaa chini akaanza kuandika: nyota, mimea, wanyama, mawe, madini. Maandishi yake yalipokuja kuchapwa Paris kati ya 1890 na 1899 yalijaza juzuu 38. Juzuu 38, jamani, na mtu huyo alikuwa anasali vipindi vyote vya siku kama mtawa mwingine yeyote.

Kilichonivuta mimi zaidi ni kitabu chake cha madini. Hapo zamani hakukuwa na kemia kama tunavyoisoma leo, kulikuwa na alkemia. Hata neno lenyewe kemia lina ukoo na lile la Kiarabu, al-kimiya. Wanaalkemia waliamini kwamba metali zote zimeundwa kwa zebaki na salfa, ila kwa vipimo tofauti. Basi ukijua kurekebisha vipimo, risasi inageuka dhahabu! Msicheke haraka. Nadharia ilikuwa na makosa, lakini katika kuitafuta hiyo dhahabu watu walijifunza kukeneka (kuchuja kwa mvuke), kuyeyusha, kusafisha metali, na kutengeneza chumvi za kila aina. Zebaki hadi leo wachimbaji wetu wadogo wanaitumia kunasa dhahabu, ingawa ni sumu kali.

Alberto naye aliikubali nadharia ile ya zebaki na salfa. Lakini hakukubali kila kilicholetwa sokoni. Alitembelea machimbo, akaingia kwenye karakana za wanaalkemia, akauliza maswali. Kisha akapata ile dhahabu yao na fedha yao, akataka zipimwe kwa moto. Zikavumilia moto wa kwanza, wa pili, wa tatu. Zilipofika mara ya sita au ya saba, zikaungua zikabaki takataka tu. Akaandika wazi kwamba anayepaka kitu rangi ya njano kikafanana na dhahabu ni mdanganyifu, maana ndani metali ni ileile. Vitabu vingi vya kemia humtaja pia kuwa wa kwanza kuitoa aseniki peke yake kutoka kwenye madini yake, karibu na mwaka 1250.

Na hakuwa hivyo kwa madini tu. Watu walisema mbuni anakula chuma. Alberto akawapa mbuni chuma, wakakataa kukila. Walisema kuna bata bukini wanaozaliwa na miti. Yeye na wenzake wakawaona bukini hao wakipandana na kutaga mayai kama ndege wengine. Basi, hadithi ikaishia hapo. Kwake, kumtukuza Mungu kwa jambo la uongo hakukuwa ibada.

Mwaka 1260 Papa akamfanya Askofu wa Regensburg. Mkuu wa shirika alimsihi sana akatae, lakini Alberto akatii. Jimbo alilikuta na madeni, akalinyoosha. Watu wakambandika jina la utani kwa sababu ya viatu vyake vizito vya mtawa, kwani alizoea kutembea kwa miguu. Baada ya kama miaka 2 akaomba aachie uaskofu, akarudi kufundisha na kuhubiri.

Mwaka 1274 Tomaso akafa, mwalimu akiwa bado hai. Wanaomfahamu walisimulia kwamba tangu hapo Alberto alilia kila jina la mwanafunzi wake lilipotajwa. Na yalipozuka mashtaka dhidi ya mafundisho ya Tomaso, mzee huyu alisimama kumtetea. Mwishoni kumbukumbu zikampotea, yeye aliyebeba elimu ya zama zake kichwani. Alifariki Cologne tarehe 15 Novemba 1280.

Baada ya kifo chake matapeli wakalitumia jina lake. Vitabu vya uchawi na vya siri za utajiri vikauzwa eti kaviandika Alberto. Ikazuka hata hadithi kwamba alitengeneza kichwa cha shaba kinachoongea. Inaniuma kidogo: mtu aliyeitia dhahabu bandia motoni, anageuzwa nembo ya waganga wa utajiri. Zaidi ya miaka 650 ikapita kabla Papa Pio XI hajamtangaza Mtakatifu na Mwalimu wa Kanisa, Desemba 1931. Mwaka 1941 Papa Pio XII akamfanya msimamizi wa wanasayansi wa maumbile, kwa hiyo wewe unayehangaika na mizani za milinganyo ya kemia usiku huu, una mtu wa kumwita.

Mtakatifu Alberto Mkuu, utuombee.