Abram Games, askari aliyepigana vita kwa mabango

Mwaka 1942, Vita vya Pili vya Dunia vikiwa vimepamba moto, bango moja lilimuudhi Waziri Mkuu wa Uingereza, Winston Churchill, hata likapigwa marufuku. Bango hilo halikutoka kwa Wajerumani. Lilitengenezwa ndani ya Wizara ya Vita ya Uingereza yenyewe, na askari aliyepewa kazi rasmi ya kuchora mabango. Huyo ni Abram Games.

Alizaliwa tarehe 29 Julai 1914 huko Whitechapel, mashariki mwa London, mtaa uliojaa wahamiaji na watu wa kipato cha chini. Wazazi wake walikuwa Wayahudi kutoka Ulaya Mashariki. Baba alikuwa mpiga picha, mama mshonaji wa nguo. Jina la ukoo lilikuwa Gamse, na baba ndiye aliyeligeuza kuwa Games ili lisikike kama la Kiingereza.

Shule ya sanaa aliiacha baada ya mihula miwili tu, akajifundisha mwenyewe. Kwa baba yake alijifunza kutumia kifaa kidogo kinachopuliza rangi kwa nguvu ya hewa, ambacho wapiga picha wa wakati huo walikitumia kurekebisha picha. Ndicho kilichoyapa mabango yake ule mwonekano wa kivuli na mwanga, kana kwamba kitu kinataka kutoka kwenye karatasi. Kazi yake ya kwanza katika studio ya matangazo iliisha mwaka 1936 alipofukuzwa kwa utundu wa kuruka viti ofisini.

Mwaka 1940 aliitwa jeshini, akawa askari wa kawaida wa miguu. Mwaka uliofuata Wizara ya Vita ilimtoa kambini ikamkalisha mezani, na kufikia mwisho wa vita alikuwa amechora mabango yapatayo 100.

Kwa nini serikali ilihitaji mabango wakati redio ilikuwepo? Redio husema jambo likapita. Bango hubaki ukutani kambini au kwenye kituo cha treni, na mtu hulikuta kila siku. Lakini anayepita ana haraka, na Games alilijua hilo vizuri. Alichora kwanza michoro midogo sana, ya ukubwa wa stempu, kwa sababu bango likitazamwa kwa mbali huwa dogo namna hiyo. Wazo lisiloeleweka likiwa dogo, alilitupa. Maneno aliyapunguza, na picha aliibebesha maana yote.

Chukua bango lake la kuonya askari wasiropoke siri. Askari anaongea, na maneno yanatoka mdomoni yakizunguka kama mkondo wa upepo. Mzunguko unaendelea, unageuka rangi ya damu, kisha unakuwa upanga uliowachoma askari watatu wenzake. Hata asiyejua kusoma angeelewa kwamba mdomo wake unaweza kuua. Kwa maoni yetu hakuna bango la vita lililosema mengi zaidi kwa vitu vichache namna ile.

Lingine wakulima watalielewa upesi. Uingereza ilikuwa ikiagiza sehemu kubwa ya chakula chake kutoka nje, na nyambizi za Wajerumani zilikuwa zikizamisha meli hizo. Games aliunganisha sepetu ya kulimia na meli zikawa umbo moja. Kila anayelima chakula chake mwenyewe anapunguza safari moja ya hatari baharini.

Hakupendwa na wote. Mwaka 1941 alichora bango la kuwavutia wanawake kujiunga na jeshi, lenye msichana mrembo aliyepaka rangi nyekundu midomoni. Wakubwa walilalamika kwamba anavutia kupita kiasi, jambo likafika hadi Bungeni, na bango likaondolewa.

Ugomvi mkubwa ulikuja na mabango ya kuwaambia askari wanapigania nchi ya namna gani. Mwenzake wa ofisini, Frank Newbould, alichora vilima vya kijani na mchungaji na kondoo wake, Uingereza tamu ya kwenye kadi za salamu. Games alikuwa mtoto wa Whitechapel. Alichora kituo kipya cha afya cha Finsbury, jengo jeupe linalong'aa lililofunguliwa London mwaka 1938, na nyuma yake ukuta uliobomoka na mtoto mwenye matege amesimama gizani. Maana yake ilikuwa wazi kwamba adui hayuko ng'ambo tu, kwani maradhi na umaskini viko nyumbani, na vita hivi viviondoe pia.

Churchill aliliona kama tusi kwa nchi, na bango halikusambazwa. Lakini matege yalikuwepo kweli mitaani. Serikali ilitaka askari afe kwa ajili ya Uingereza, bila kumwonyesha Uingereza yote. Mwaka 1945 wapiga kura walikiondoa chama cha Churchill madarakani, na mwaka 1948 matibabu ya bure kwa wote yakaanza.

Mwishoni mwa vita, picha za kambi ya mateso ya Bergen-Belsen zilifika katika ofisi alikofanyia kazi. Yeye Myahudi, alizitazama. Muda mfupi baadaye alichora bango la kuomba nguo kwa ajili ya Wayahudi waliookolewa.

Baada ya hapo alichora nembo ya Tamasha la Uingereza la mwaka 1951, na mwaka 1953 alama ya kwanza ya televisheni ya BBC iliyokuwa na mwendo. Alifariki London tarehe 27 Agosti 1996. Mabango yake ya vita yamehifadhiwa katika jumba la makumbusho ya vita jijini humo, na lile la mtoto mwenye matege limo.