Sir William Smith: Mwalimu wa Shule ya Jumapili Aliyewapa Vijana Nafasi

Katika kijitabu hiki mtapata utaratibu wa ibada ya leo, nyimbo zetu na majina ya walioitumikia kwaya hii tangu mwanzo wake. Tumeona vyema tuongeze maisha ya mtu mmoja ambaye hakuimba nasi, kwani alifariki zaidi ya miaka 100 iliyopita, lakini ambaye kazi yake imetulea. Wengi wetu tulivaa sare ya Boys' Brigade au Girls' Brigade kabla hatujavaa joho la kwaya. Tulijifunza kupanga mstari, kufika kwa wakati na kuomba mbele ya wenzetu huko kwanza. Tunamkumbuka Sir William Alexander Smith.

William alizaliwa tarehe 27 Oktoba 1854 karibu na mji wa Thurso, kaskazini kabisa mwa Uskoti. Alipokuwa na umri wa miaka 13, baba yake alifariki akiwa mbali na nyumbani, upande wa China. Kijana huyo akahamia mji mkubwa wa Glasgow, kwa mjomba wake aliyekuwa mfanyabiashara wa nguo, akaanza kazi akiwa bado mdogo. Kwa hiyo alijua mapema maana ya kuwa kijana mjini bila baba wa kumshika mkono.

Mwaka wa 1874 mhubiri Dwight Moody na mwimbaji Ira Sankey walifanya mikutano mikubwa ya injili mjini Glasgow. Mwaka huohuo William alijiunga na kanisa akiwa mshirika kamili. Mwaka huo pia alijiunga na askari wa kujitolea, akawa akifanya gwaride baada ya kazi. Siku ya Jumapili alifundisha shule ya Jumapili katika jumba la misheni la North Woodside, mtaa wa watu wa kawaida.

Hapo ndipo alipokutana na tatizo ambalo kila mwalimu wa shule ya Jumapili analijua. Watoto wadogo walikuja kwa furaha. Lakini wavulana wa miaka 12 na 13 walikuwa watundu, hawakusikiliza, na baada ya muda mfupi waliacha kuja. Walijiona wakubwa mno kukaa na watoto, na kanisa nalo liliwaona wadogo mno kukaa na wazee. Chama cha vijana kilikuwepo, YMCA, na William mwenyewe alikuwa mwanachama, ila kiliwapokea waliokwisha kuwa vijana wakubwa. Katikati palikuwa na pengo la miaka minne au mitano, na katika pengo hilo kanisa lilikuwa likipoteza wavulana wake.

William aliona jambo moja la ajabu. Wavulana waliomsumbua darasani walikuwa wa aina ileile na wale ambao wangesimama wima na kutii amri wakiwa kwenye gwaride. Akaamua kuunganisha mambo hayo mawili, gwaride na Biblia. Tarehe 4 Oktoba 1883, akiwa na umri wa miaka 28, pamoja na marafiki wawili, ndugu James na John Hill, aliwaita wavulana katika jumba lile la misheni. Wakaja 59. Aliwapa masharti: kufika kwa wakati, kuwa nadhifu, kutii. Baadhi waliona masharti ni mazito wakaondoka. Waliobaki walijua kwamba wamehesabiwa, na kwamba mmoja wao akikosa, pengo lake litaonekana.

Ndivyo Boys' Brigade ilivyoanza. Lengo lake liliandikwa wazi: kuueneza ufalme wa Kristo kati ya wavulana na kuwajengea heshima kwa Mungu, nidhamu na kujiheshimu. Neno la utii liliongezwa baadaye, mwaka wa 1893. Alama yake ni nanga, kutokana na Waebrania 6:19, na vijana wetu wanaivaa hadi leo.

Si wote waliofurahi. Wako Wakristo waliouliza kama ni haki kuleta mambo ya kijeshi kanisani, na hatuwezi kusema swali lao lilikuwa la bure. William hakuligeuza gwaride kuwa kusudi. Gwaride lilikuwa mlango, na ndani ya mlango palikuwa na sala na darasa la Biblia. Likizo ya kiangazi ilipofika, naye hakutaka vijana wapotee mitaani, aliwapeleka kambini Tighnabruaich, pwani ya magharibi ya Uskoti. Huo ulikuwa mwaka wa 1886, wakati ambapo kambi za vijana hazijazoeleka. Hatimaye aliacha biashara yake ili aitumikie Brigedi siku zote za juma.

Kazi hiyo ilizaa nyingine. Mwaka wa 1893 Girls' Brigade ilianzishwa Dublin, Ireland, kwa ajili ya wasichana. Mwaka wa 1904 Robert Baden-Powell alitazama maelfu ya vijana wa William wakifanya gwaride Glasgow, akavutiwa, na William akamhimiza awaandikie wavulana mafunzo yanayowafaa. Mwaka wa 1907 Baden-Powell alifanya kambi yake ya majaribio katika kisiwa cha Brownsea, na baadhi ya wavulana waliokuwepo walitoka Boys' Brigade. Hapo ndipo uskauti ulipoanzia. Kaburi la Baden-Powell liko hapa kwetu, Nyeri, na wengi wetu tumelitembelea. Tukisimama pale tena, tumkumbuke pia mwalimu wa Jumapili aliyemtangulia.

Maisha yake hayakukosa machozi. Mke wake Amelia, aliyemwoa mwaka wa 1884, alifariki mwaka wa 1898 na kumwachia wana wawili. Alioa tena mwaka wa 1906, na mke huyo wa pili naye akafariki mwaka uliofuata. William aliendelea na kazi. Mwaka wa 1909 Mfalme Edward VII alimpa cheo cha Sir. Mwezi wa Mei 1914 aliugua ghafla akiwa London kwa shughuli za Brigedi, akafariki tarehe 10. Ibada ya kumbukumbu ilifanyika katika kanisa kuu la Mtakatifu Paulo, kisha akazikwa Glasgow, mji alikowakusanya wavulana wake wa kwanza.

Wapendwa, tunayaandika haya siku ya furaha, lakini tusijifiche. Tazameni safu zetu leo. Soprano na alto zimejaa. Teno na besi zina nafasi wazi, na waliopo wengi wana mvi. Tunajua sababu mojawapo, nayo ni yetu sisi wenyewe. Zaidi ya mara moja kijana wetu alipovunja sauti tulimwambia apumzike kwanza, arudi sauti ikitulia. Tulidhani tunailinda kwaya. Yeye alisikia kwamba hatakiwi, akaenda, na hakurudi. Pengo aliloliona William Smith mwaka wa 1883 tumelichimba wenyewe karibu na kinanda chetu.

Wazee walisema, samaki mkunje angali mbichi. Basi katika mwaka huu wa jubilei tumekubaliana kwamba hakuna kijana atakayeambiwa akae nje. Ambaye sauti yake inabadilika atapiga ngoma, atatunza vitabu vya nyimbo, atasoma neno kabla ya mazoezi, na jina lake litaitwa kwenye orodha kama la kila mwimbaji. Wazazi, tuleteeni wana wenu na binti zenu. Viongozi wa Brigedi na wa vijana, tushirikiane nanyi. Tukifanya hivyo, watakaoadhimisha jubilei ijayo watakuwa hawa walio na umri wa miaka 13 leo, nasi tutakuwa tumewashika wangali wetu.

Mungu awabariki nyote. Karibuni tuimbe.