Sayyid Ahmad bin Sumeit: Kadhi Aliyerudi Kuwa Mwanafunzi

Kila mwaka vijana hutujia wakitaka barua ya kuwathibitisha, wapate ufadhili wa kusoma Madina, Cairo au Uturuki. Tunawaandikia, alhamdulillah. Lakini kwanza huwauliza: mnamjua Sayyid Ahmad bin Abubakar bin Sumeit? Wengi wamelisikia jina tu.

Alizaliwa Itsandra, Ngazija, mwaka 1861. Baba yake asili yake ni Shibam, Hadhramaut. Mwanachuoni na mtu wa biashara ya baharini, aliyewahi kuwa kadhi hapa kwetu Unguja. Mwana naye alianza na bahari, akawa nahodha wa jahazi. Kisha akaelekea Hadhramaut kutafuta ilimu.

Wakati huo hapakuwa na fomu wala tiketi ya kulipiwa. Palikuwa na ijaza: sheikh anamsomesha mtu kitabu, akiridhika naye humruhusu akisomeshe, kama yeye alivyoruhusiwa na sheikh wake, na huyo na wake. Mwenye ijaza alipokelewa bandari yoyote yenye wanavyuoni, akapata pa kulala na pa kusoma.

Aliporudi, Sayyid Barghash alimfanya kadhi, na yeye hajafika hata miaka 25. Cheo hicho kingemtosha mtu maisha yake yote. Ikaingia khitilafu baina yake na mtawala, akaondoka Unguja bila ya kazi.

Hapa ndipo tunapopapenda zaidi. Alikwenda Istanbul kwa Sayyid Fadhl Pasha, ambaye Waingereza walimtoa Malabar, India, mwaka 1852, na sasa alikuwa karibu na Sultani Abdulhamid. Sayyid Ahmad akasoma kwake, na dola ya Uthmani ikamtunuku nishani. Akafika Misri, kwa wanavyuoni wa Azhar, akaenda Makka, akafika mpaka Java. Aliyekuwa akihukumu watu alikaa tena chini mkekani, kitabu mapajani. Sisi tuliopita chuoni na chuo kikuu tunajua uzito wa jambo hilo: ukishaitwa sheikh, kuuliza suala mbele za watu ni mtihani.

Barghash akafariki 1888. Sayyid Ahmad akarudi, akarejeshewa ukadhi, akadumu nao miaka mingi, huku akiandika na kusomesha. Mwandani wake, Sheikh Abdallah Bakathir wa Lamu, aliyekuwa na madrasa yake Ukutani, naye alisafiri Hadhramaut, akaiandikia safari hiyo kitabu. Baadaye akafika Cape Town, kwa Waislamu wa Afrika Kusini. Barua na wanafunzi vikawa vinakwenda na kurudi kwa pepo za kusi na kaskazi.

Wawili hao walifariki mwaka mmoja, 1925, Sheikh Abdallah akitangulia kwa wiki chache tu. Allah awarehemu. Sayyid Omar, mwana wa Sayyid Ahmad, naye alisomea Hadhramaut, na baadaye akawa kadhi mkuu wa Unguja.