James Clerk Maxwell na Picha ya Rangi

Omba simu yenye kioo cha rangi, uiwashe hadi upate ukurasa mweupe mtupu. Chovya ncha ya kidole katika maji safi, kisha dondosha tone dogo sana juu ya kioo hicho. Tazama kwa makini ndani ya tone. Utashangaa! Weupe umetoweka, na mahali pake pana vidoa vidogo vyekundu, vya kijani na vya buluu, vimejipanga safu kwa safu. Huoni kidoa cha manjano, wala cha zambarau. Rangi zote za picha katika simu hufanywa kwa kuchanganya mianga hiyo mitatu. Mtu aliyeonyesha kwanza kwamba picha ya rangi yaweza kupatikana kwa njia hiyo alikuwa James Clerk Maxwell, aliyeishi kabla ya simu hizo kuwako.

Maxwell alizaliwa mjini Edinburgh, Uskoti, tarehe 13 Juni 1831, akakulia katika shamba la baba yake liitwalo Glenlair. Alipokuwa bado hajatimiza miaka mitatu alipewa sahani ya bati achezee. Akagundua kwamba akiielekeza juani, mwanga huruka na kucheza juu ya dari. Tangu hapo kila kitu alitaka aelezwe kinavyofanya kazi, na jibu fupi halikumtosha.

Mama yake alifariki Maxwell akiwa na miaka minane. Alipofika miaka kumi alipelekwa shule Edinburgh. Siku ya kwanza alivaa nguo na viatu alivyobuniwa na baba yake, naye alisema kwa lafudhi ya shamba. Wenzake walimcheka, wakampa jina la utani la mjinga, na jina hilo likamganda. Lakini alipokuwa na miaka 14 mjinga huyo aliandika makala juu ya namna ya kuchora maumbo ya mviringo kwa pini na uzi. Mwaka 1846 profesa mmoja aliisoma makala hiyo mbele ya wataalamu kwa niaba yake, kwa kuwa mwandishi alionekana mdogo mno kusimama mbele yao.

Bila shaka wewe umewahi kucheza pia. Maxwell alipokuwa kijana alifanya uchunguzi wake kwa pia pia! Alikata sahani za karatasi za rangi mbalimbali, akazipasua hadi katikati ili ziweze kupishana, akaziweka juu ya pia. Kwa kuzisogeza aliweza kuongeza sehemu ya rangi moja na kupunguza ya nyingine. Pia ilipozunguka upesi, jicho halikuweza kuziona rangi mbalimbali. Liliona rangi moja tu iliyochanganyika. Maxwell alipima sehemu ya kila rangi, akaandika hesabu yake.

Hesabu hizo zilimwonyesha jambo ambalo wachoraji hawakulitazamia. Ukichanganya rangi ya maji ya buluu na ya manjano katika kikopo, unapata kijani. Lakini buluu na manjano zikizunguka juu ya pia hazitoi kijani hata kidogo. Sababu ni kwamba rangi za kikopo hunyang'anyana mwanga: kila moja humeza sehemu yake, na kijani ndicho kinachosalia. Katika pia, mianga miwili hufika jichoni na kujumlishwa. Ndiyo maana mwanga mwekundu ukijumlishwa na wa kijani hutoa manjano, jambo ambalo huwezi kulipata kwa rangi za kupakia. Mtaalamu mwingine, Thomas Young, alikuwa amekwisha kudhani kwamba jicho lina vipokeo vya aina tatu. Maxwell alilitia wazo hilo katika vipimo.

Mwaka 1858 alimwoa Katherine Dewar, naye akawa msaidizi wake katika kupima rangi. Mwaka 1860 walihamia London. Humo nyumbani walikuwa na sanduku refu jeusi la kuchanganyia mianga, na inasemekana majirani walidhani Maxwell ana wazimu, maana alikaa saa nyingi akichungulia kitu kilichofanana na jeneza.

Sasa tuje kwenye picha yenyewe. Wakati huo karibu picha zote zilizopigwa kwa kamera zilikuwa za rangi moja tu. Maxwell alifikiri hivi: ikiwa jicho linapima mianga mitatu, basi kamera nayo ipime mara tatu. Mpiga picha Thomas Sutton alifunga utepe wenye mistari ya rangi nyingi, akaupiga picha kupitia chombo cha kioo chenye maji ya rangi. Kwa buluu alitumia mrututu uliochanganywa na amonia, kwa kijani chumvi nyingine ya shaba, na kwa nyekundu chumvi ya chuma. Picha zilizotoka hazikuwa na rangi. Kila moja ilionyesha tu mahali penye mwanga mwingi wa aina yake na mahali penye mwanga kidogo.

Tarehe 17 Mei 1861, katika ukumbi wa Royal Institution, London, picha hizo ziliangazwa ukutani kwa taa tatu, kila moja kupitia maji yake ya rangi. Zilipolala sawasawa juu ya nyingine, watu waliona utepe wenye rangi zake.

Lakini fikiri kidogo. Picha ya buluu ilihitaji sekunde 6 tu, ya kijani dakika 12, na ya nyekundu dakika 8. Mbona tofauti kubwa hivyo? Dawa iliyopakwa kwenye vioo vya kamera siku hizo iliathiriwa sana na mwanga wa buluu, kidogo mno na wa kijani, na haikuathiriwa na mwekundu. Basi picha ya nyekundu ilitoka wapi? Jibu lilipatikana mwaka 1961, miaka 100 baadaye, watafiti wa kampuni ya Kodak waliporudia jaribio. Kitambaa chekundu kilirudisha pia miale ambayo jicho haliioni, iitwayo urujuanimno, na maji mekundu ya Sutton yaliipitisha. Kamera ilipima miale hiyo. Rangi ilionekana sahihi, ingawa wekundu wenyewe haukupimwa kabisa!

Maxwell aliendelea na kazi nyingine kubwa. Alieleza kwa hesabu kwamba mwanga ni mawimbi ya umeme na sumaku, na mwaka 1871 akawa profesa wa kwanza wa maabara ya Cavendish, Cambridge. Alifariki tarehe 5 Novemba 1879, akiwa na miaka 48 tu, kwa saratani ya tumbo, ugonjwa uleule uliomwua mama yake.

Leo kamera ya simu ina vichujio vidogo sana vya nyekundu, kijani na buluu, navyo hufanya kazi ya vyombo vya Sutton. Picha huhifadhiwa kama namba. Kila kidoa hupewa namba tatu, mara nyingi kati ya 0 na 255. Namba zote tatu zikilingana, kidoa ni cheusi, cha kijivu au cheupe. Zikitofautiana, rangi hutokea. Na kadiri zinavyoachana, ndivyo rangi inavyokoza.

Tuseme kidoa cha picha ya chungu kina nyekundu 180, kijani 120 na buluu 90. Wastani wake ni 130. Tukitaka kukoza rangi, tunazidisha mara mbili tofauti ya kila namba na wastani huo. Tutapata 230, 110 na 50. Fanya hesabu hiyo uhakikishe: wastani haukubadilika, lakini chungu kilichofifia sasa kimekaribia rangi ya chungwa. Ukizidisha mara tatu, nyekundu itataka kuwa 280. Haiwezi, itakomea 255. Vidoa jirani navyo vitakomea hapo hapo, na michoro ya mfinyanzi juu ya chungu itapotea.

Kuna hasara iliyo mbaya kuliko hiyo. Muhindi unaokosa naitrojeni huanza kugeuka manjano katika majani ya chini. Tuseme kidoa cha jani hilo kina nyekundu 200, kijani 190 na buluu 60. Mtu akipunguza nyekundu hadi 110 ili picha ipendeze, jani litaonekana kijani kibichi. Bwana shamba aliye mbali akiletewa picha hiyo atasema mmea ni mzima, na shamba litaendelea kukosa mbolea. Kwa hiyo wanaotumia picha katika uchunguzi huiweka picha ya asili bila kuigusa. Hukoza rangi katika nakala yake, na huandika kando namba walizobadilisha.