Raphael Lemkin: Mwanasheria Aliyeupa Uovu Jina

Wahenga walinena kwamba usilolijua ni usiku wa giza. Binadamu hulijua jambo kwa kulipa jina. Lisilo na jina haliwezi kuandikwa katika sheria, wala kusomwa mbele ya hakimu, wala kumtia mkosaji hatiani. Makala haya yanasimulia maisha ya mtu aliyeutambua ukweli huu mapema kuliko wanasheria wengi wa zama zake. Mtu huyo ni Raphael Lemkin, mbunifu wa istilahi ambayo sisi kwa Kiswahili huiita mauaji ya kimbari na wakati mwingine mauaji ya halaiki. Huenda likamgusa mwanafunzi wa Kiswahili jambo hili: kabla ya kuwa mwanasheria, Lemkin alikuwa mwanafunzi wa lugha.

Lemkin alizaliwa tarehe 24 Juni 1900 katika kijiji cha Bezwodne, karibu na mji wa Wołkowysk. Wakati huo eneo hilo lilikuwa chini ya milki ya Urusi. Leo limo nchini Belarus. Wazazi wake, Józef na Bella, walikuwa Wayahudi wakulima. Mamake ndiye aliyemwonjesha fasihi na lugha angali mdogo, na alipokua akawa anazimudu lugha nyingi. Alijiunga na Chuo Kikuu cha Lwów, mji ambao leo ni Lviv nchini Ukraine. Huko alianza kwa kusoma taaluma ya lugha kisha akageukia sheria.

Kilichomgeuza ni kesi moja. Mnamo Machi 1921, kijana Mwarmenia kwa jina Soghomon Tehlirian alimpiga risasi Talaat Pasha katika barabara moja ya Berlin. Talaat alikuwa waziri wa mambo ya ndani wa dola la Uthmaniya mwaka 1915, Waarmenia walipofukuzwa makwao na kuuawa kwa wingi. Tehlirian alishtakiwa kwa kumuua mtu mmoja, ingawa baadaye mahakama ilimwachilia. Lemkin alimwuliza mwalimu wake ni kwa nini Talaat mwenyewe hakuwa ameshtakiwa. Jibu alilopewa, kama alivyolisimulia katika kumbukumbu zake, lilimlinganisha mtawala na mfugaji: akiamua kuwachinja kuku wake, jirani hana la kusema. Lemkin hakukubali kwamba raia ni kuku wa serikali. Alishangaa kuona kuua mtu mmoja ni kosa la jinai ilhali kuangamiza umma mzima si kosa popote.

Alipohitimu alifanya kazi ya uendeshaji wa mashtaka jijini Warsaw. Mwaka 1933 aliandaa pendekezo la mkutano wa wanasheria jijini Madrid, akitaka makosa mawili mapya yaingizwe katika sheria ya kimataifa. La kwanza aliliita unyama, yaani kuwaangamiza watu kwa sababu ya jamii au dini yao. La pili lilihusu kuharibu sanaa na utamaduni wa jamii hiyo. Serikali yake ilimzuia kusafiri. Pendekezo likafika bila yeye, na halikupitishwa. Mwaka huohuo Adolf Hitler alikuwa ametwaa madaraka nchini Ujerumani.

Mnamo Septemba 1939 Ujerumani iliivamia Poland. Lemkin alitoroka Warsaw, akapitia kwa wazazi wake na kuwasihi waondoke naye. Walikataa kuyaacha makao yao, naye akaendelea na safari hadi Lithuania kisha Uswidi. Huko hakushika bunduki, bali alikusanya karatasi. Alizitafuta amri na matangazo ya serikali ya Kinazi katika nchi zilizotekwa, akazisoma moja baada ya nyingine: amri kuhusu mgao wa chakula, ndoa, mali, shule na lugha. Kila amri peke yake ingeweza kupita kama jambo la kawaida la utawala. Zilipowekwa pamoja zilidhihirisha mpango wa kuzifuta jamii nzima duniani.

Mwaka 1941 aliwasili Marekani kwa kupitia Urusi na Japani, akafundisha katika Chuo Kikuu cha Duke. Mwaka huohuo Winston Churchill alitangaza redioni kwamba dunia ilikabiliwa na uhalifu usiokuwa na jina. Lemkin ndiye aliyelitafuta jina hilo. Mnamo Novemba 1944 kitabu chake kuhusu utawala wa Kinazi katika Ulaya iliyotekwa kilichapishwa, chenye zaidi ya kurasa 600. Ndani yake mlikuwa na neno jipya, genocide. Aliliunda kwa kuambatanisha neno la Kigiriki, genos, lenye maana ya mbari au kabila, na mzizi wa Kilatini wenye maana ya kuua. Wataalamu wa istilahi wangeliita neno mseto.

Vita vilipokwisha, neno hilo liliingia katika hati ya mashtaka ya viongozi wa Kinazi kule Nuremberg mwaka 1945. Hata hivyo, hukumu iliyotolewa mwaka 1946 haikulitumia. Isitoshe, mahakama hiyo ilishughulikia tu matendo yaliyofungamana na vita. Dhuluma zilizotendwa kabla ya mwaka 1939 ziliachwa nje. Ni katika kipindi hicho Lemkin alipopata habari za jamaa zake. Watu 49 wa ukoo wake, wazazi wake wakiwemo, walikuwa wameangamia. Nduguye Elias alinusurika.

Msiba huo haukumvunja moyo. Bandubandu huisha gogo, naye alilikata gogo lake akiwa pekee, bila cheo wala mshahara wa kumtosha. Alizunguka katika ofisi za Umoja wa Mataifa, akiwaandikia mabalozi barua kwa lugha zao. Tarehe 11 Desemba 1946 Baraza Kuu lilipitisha azimio lililoutambua uhalifu huo, kwa pendekezo la Cuba, India na Panama. Tarehe 9 Desemba 1948, jijini Paris, Mkataba wa Kuzuia na Kuadhibu uhalifu huo ukapitishwa. Ulitamka kwamba ni kosa wakati wa vita na wakati wa amani pia, na kwamba watawala na raia wa kawaida wataadhibiwa sawa. Ulianza kutumika tarehe 12 Januari 1951.

Hata hivyo, hakupata yote aliyoyataka. Rasimu ya mkataba ilikuwa na kifungu kilichohusu kuuangamiza utamaduni, ikiwa ni pamoja na kuipiga marufuku lugha ya jamii. Kifungu hicho kiliondolewa, jambo lililomsikitisha mno.

Lemkin alifariki jijini New York tarehe 28 Agosti 1959 kwa ugonjwa wa moyo, akiwa fukara na mpweke. Waliomzika walikuwa wachache mno. Marekani, nchi iliyompa hifadhi, iliuridhia mkataba wake mwaka 1988.

Kwetu Afrika Mashariki, kazi yake ilizaa matunda Arusha. Baada ya mauaji ya mwaka 1994 nchini Rwanda, Umoja wa Mataifa uliunda mahakama maalum iliyoketi katika mji huo. Tarehe 2 Septemba 1998 ilimtia hatiani Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa meya wa Taba. Ilikuwa mara ya kwanza kwa mahakama ya kimataifa kumhukumu mtu kwa uhalifu huo, miaka 50 baada ya mkataba kupitishwa. Katika kesi hiyo majaji walimsikiliza mtaalamu wa isimu akifafanua maneno ya Kinyarwanda, likiwemo inyenzi, yaani mende, lililotumiwa kuwadunisha Watutsi. Lugha iliyosaidia kuua ililetwa kizimbani. Mahakama hiyo ilifunga shughuli zake mwishoni mwa mwaka 2015, ikiwa imewashtaki watu 93.

Maisha haya yanatuachia swali sisi wana-Kiswahili. Neno halaiki linataja wingi wa waliouawa tu. Neno kimbari linakaribia zaidi alichokikusudia Lemkin, kwani linataja jamii inayolengwa. Lakini mkataba unalinda pia makundi ya dini na ya taifa, ambayo si lazima yawe mbari. Mwanahabari, mkalimani wa mahakama na mwalimu hawana budi kulijua pengo hilo kila wanapolitumia mojawapo. Anayeunda istilahi asidhani anajaza kamusi tu, kwani huenda siku moja neno lake likawa ndilo shtaka litakalosomwa mbele ya muuaji.