Muhammed Said Abdulla, baba wa Bwana Msa

Wandugu wanafunzi, mzee huyu wa Zanzibar alijua sana kuficha siri ndani ya kitabu.

Alizaliwa mwaka 1918 kule Makunduchi. Alipomaliza masomo 1938, alikuwa mkaguzi wa afya myaka kumi, kisha akaingia kazi ya magazeti. Hadisi yake Mzimu wa Watu wa Kale ilishinda mashindano ya 1957-58, ikachapwa 1960.

Humo mtu anakutwa ameuawa fasi ya mzimu. Mwenye woga atasema mara moja: ni mizimu! Lakini Bwana Msa na kiko chake hana haraka. Anaangalia alama ndogo ndogo, anauliza, anapima maneno ya kila mtu. Rafiki yake Najum anashangaa sawa sisi wasomaji. Ndiyo maana tunatafuta pamoja nao mpaka mwisho.

Mzee aliandika vingine, kama Kisima cha Giningi (1968), akafariki 1991.

Hapa kwetu pia, mtu akikufa gafula, wengine wanataja upesi jina la bibi fulani. Basi tujiulize kwanza kama Bwana Msa: tumeona nini kabisa?