Katharine Cook na Uamuzi wa Muuguzi

Wapo wanaodhani kuwa kazi ya muuguzi ni kutimiza maagizo ya daktari tu: kutoa dawa, kufunga vidonda na kutandika vitanda. Dhana hiyo ni ya hatari. Daktari humwona mgonjwa kwa dakika chache, ilhali muuguzi hushinda na hukesha naye. Yeye ndiye wa kwanza kutambua kuwa pumzi zimekwenda mbio, na ndiye anayeamua iwapo daktari aamshwe sasa au asubuhi. Wanafunzi wa uuguzi walioko hapa Eldoret, pamoja na walimu wao, wana la kujifunza katika maisha ya Katharine Cook, aliyefanya kazi katika nchi jirani ya Uganda kwa takriban miaka 40.

Katharine Timpson, kama alivyoitwa kabla ya kuolewa, alizaliwa Uingereza mwaka wa 1863, akasomea uuguzi katika hospitali ya Guy's jijini London. Mwishoni mwa mwaka wa 1896 aliondoka Mombasa na kundi la wamishenari wa shirika la CMS. Reli ilikuwa ndiyo kwanza imeanza kujengwa pwani, kwa hivyo safari ikawa ya miguu. Walifika Kampala mapema mwaka wa 1897, na mwaka huo huo hospitali ya Mengo ikafunguliwa. Daktari wake alikuwa Albert Cook, ambaye Katharine alifunga naye ndoa mwaka wa 1900. Mwaka wa 1902 radi iliteketeza hospitali hiyo, nayo ikajengwa upya.

Kazi yake kubwa ilikuja baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, alipoanzisha shule ya wakunga huko Mengo. Mwaka wa 1921 shule hiyo ilipata makao mapya yaliyopewa jina la Lady Coryndon. Wasichana waliohitimu walipelekwa katika vituo vya uzazi mashambani, mbali na daktari yeyote.

Huko ndiko elimu yao ilikopimwa. Mkunga alipaswa kupambanua uzazi wa kawaida na ule wenye hatari: damu isiyokoma, kifafa cha mimba, mtoto aliyelala kingamo, au homa inayozuka siku chache baada ya kujifungua. Akichelewa kumpeleka mama hospitalini, angempoteza. Akiwapeleka wote bila kupambanua, kituo chake kisingekuwa na maana. Mikono myepesi haikutosha; ilihitajika akili inayopima dalili moja kwa nyingine, kisha ikaamua.

Jambo linalomvutia mwanaisimu ni kuwa Katharine na mumewe waliandaa kitabu cha ukunga kwa Kiganda. Walitambua kuwa mtu huamua upesi zaidi kwa lugha anayowazia. Wanafunzi wetu husoma na kutahiniwa kwa Kiingereza, lakini mama wa Uasin Gishu hueleza maumivu yake kwa Kikalenjin au Kiswahili. Akisema mwili umemlegea, je, huo ni uchovu wa uzazi au ni damu inayompotea? Asiyejua kuuliza swali la pili kwa lugha ya mgonjwa huenda akaandika neno sahihi katika faili na bado akakosea.

Hata hivyo, hatuna haja ya kumfanya mama huyu malaika. Shule yake ilizaliwa katika kampeni ya kikoloni dhidi ya kaswende, kampeni iliyowahukumu wanawake wa Uganda kwa ukali na kuudharau ujuzi wa wakunga wa jadi. Na ujuzi ulikuwapo. Mnamo mwaka wa 1879 Robert Felkin alishuhudia huko Kahura, Bunyoro, mganga wa kienyeji akimpasua mama ili kumtoa mtoto. Mganga yule alitumia pombe ya ndizi kusafisha mikono yake na tumbo la mama, na chuma cha moto kuzuia damu. Mama alipona. Uamuzi wa kitabibu, basi, haukuletwa kwa meli.

Katharine Cook alifariki mwaka wa 1938. Wosia tunaoweza kuusoma katika maisha yake unawahusu wakuu wa wodi na walimu wa leo. Mwanafunzi anayefundishwa kutii tu atanyamaza atakapoona jambo lisilo la kawaida, kwa kuogopa kukaripiwa. Afundishwe kueleza alichoona, anachoshuku na anachoomba kifanywe. Naye muuguzi anayemwamsha daktari usiku, kisha ikabainika kuwa hapakuwa na hatari, ashukuriwe badala ya kudhihakiwa. Dalili ya mvua ni mawingu, na aliye karibu zaidi na mawingu hayo ni muuguzi.